Usiuzibe ufa kabla hujausoma: nyufa za kuta za nyumba na vyanzo vyake

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya ufa mmoja ulionisumbua kwa miaka minne. Nyumba yangu iko Kibaha, mkoani Pwani. Niliijenga kwa matofali ya saruji ya inchi 6, nikaiezeka kwa bati, nikahamia mwezi wa Mei masika yalipokuwa yanakatika. Ilipofika Septemba ya mwaka uleule, chumba cha kona kilikuwa na ufa ulioanzia kwenye pembe ya chini ya dirisha na kushuka kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali, hadi kwenye msingi. Fundi wangu alikuja, akauchimba kwa patasi, akaujaza udongo wa saruji, akapaka rangi na kunihakikishia kwamba nyumba mpya lazima ikae, na ikishakaa mambo yatatulia. Mwaka uliofuata ufa ulirudi palepale. Akaziba tena. Uliporudi mara ya tatu, sarafu ya shilingi 200 iliingia ikiwa imesimama.

Jambo ambalo lingenifumbua macho mapema, kama ningelitilia maanani, ni kwamba kila mwezi wa Aprili ufa ule ulikuwa ukijifunga wenyewe, na kila ifikapo Agosti ulikuwa ukifunguka. Mwaka wa nne nilimwita mhandisi, naye hakuugusa ukuta kwanza. Aliniuliza maswali matatu: ufa ni mpana zaidi juu au chini, je, unabadilika kati ya masika na kiangazi, na maji ya bati yanaangukia wapi. Baada ya kunisikiliza, alichimbisha shimo la mita moja na nusu nje ya kona ile. Msingi wangu ulikuwa umeshuka sentimita 60 tu, ukiwa umekalia udongo wa mfinyanzi wa kijivu uliokauka ukawa mgumu kama jiwe na kupasuka mianya ambayo rula iliingia bila kulazimishwa. Alichukua donge moja, akalitia kwenye bakuli la maji, tukaketi kulitazama likivimba, likilegea na kumomonyoka. Nilikuwa nimeziba ukuta mara tatu ilhali kilichokuwa kikicheza ni ardhi.

Nitaeleza nilichojifunza tangu siku ile, kutoka kwa mhandisi yule na kutoka kwenye nyumba nyingi nilizozikagua pamoja naye baadaye, kwa sababu naona majirani wengi wanarudia kosa langu.

Mfinyanzi wa aina hii una madini ya jamii ya smektaiti, ambayo maarufu zaidi ni montmoriloniti. Madini haya yamejipanga kwa tabaka nyembamba mno, na maji yakipata nafasi huingia kati ya tabaka hizo na kuzitenganisha, hivyo udongo mzima huongezeka ukubwa. Kiangazi maji yanapotoka, tabaka hurudi kukaribiana na udongo husinyaa. Watu wa Shinyanga na Simiyu wanaufahamu udongo mweusi wa mbuga, ambao masika hunata kwenye viatu hadi mtu ashindwe kutembea, na kiangazi hupasuka mashambani mianya ya kuingiza mkono. Wenzetu wa Kitengela, Athi River na Embakasi nchini Kenya wanaujua vilevile. Tatizo la Kibaha ni kwamba udongo wake mahali pengi si mweusi, na juu yake kuna tabaka la mchanga linalomdanganya mnunuzi wa kiwanja, ingawa watafiti wameshaandika kwa kirefu kuhusu nyumba za huko zinazopasuka kwa sababu ya mfinyanzi unaovimba.

Kuna jambo ambalo mwanzoni sikuliamini. Nyumba ya chini, nyepesi, iliyoezekwa kwa bati, huteseka zaidi juu ya udongo huu kuliko jengo zito. Udongo unapovimba husukuma kwenda juu kwa nguvu kubwa, na uzito wa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu hautoshi kuuzuia. Kwa hiyo yule anayesema "hii ni nyumba ndogo tu, haihitaji msingi wa maana" amegeuza mambo kichwa chini miguu juu.

Sasa tuusome ufa wangu. Baada ya nyumba kujengwa, sehemu ya ardhi iliyofunikwa na sakafu haipigwi tena na jua, basi unyevu wake hukaa na hata kuongezeka polepole mwaka hadi mwaka. Ardhi ya pembeni, hasa ya kwenye kona ambayo jua huipiga pande mbili, hukauka kila kiangazi. Katikati ya nyumba husimama au huinuka, kona hushuka, na ukuta unaounganisha sehemu hizo mbili hukatika. Kwa kuwa kona inaanguka kuelekea nje, ufa huwa mpana juu na mwembamba chini. Kwangu ilikuwa hivyo hasa, na mwarobaini uliokuwa mita nne kutoka kwenye kona ile ulizidisha tatizo kwa kunyonya unyevu mdogo uliokuwa umebaki.

Ukiona kinyume chake, yaani ufa mpana chini na mwembamba juu, mara nyingi ni sehemu ya katikati ya ukuta iliyotitia huku miisho yake imesimama. Hapo ulizia historia ya kiwanja. Nimeona nyumba ambayo ukuta wake mrefu ulipita juu ya shimo la choo la zamani lililofukiwa kwa takataka, na nyingine iliyojengwa juu ya kifusi kilichomwagwa bondeni kisha kikasawazishwa kwa macho tu. Kifusi kinatakiwa kushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kila tabaka likinyunyiziwa maji kabla ya jingine kumwagwa. Kikijazwa mita nzima kwa mkupuo mmoja na kugongwagongwa juu, kitaendelea kutitia kwa miaka, na masika ya kwanza ndiyo yatakayokianzisha.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la maji, kwa sababu katika nyumba nilizozikagua maji yamekuwa chanzo mara nyingi kuliko jambo jingine lolote. Bati lenye eneo la mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 50, humwaga lita 5,000 za maji. Nyumba isipokuwa na mifereji ya bati, lita hizo zote huanguka kwenye mstari mmoja kuzunguka msingi. Ongeza bomba la sinki linalovuja chini ya sakafu, bafu la nje lisilo na njia ya kutoa maji na karo la maji taka lililochimbwa karibu na ukuta kwa sababu kiwanja ni kidogo. Kwenye mfinyanzi maji hayo huinua kona moja na kuiacha nyingine. Kwenye udongo wa kichanga huondoa chembe laini kidogo kidogo na kuacha uwazi chini ya msingi. Dalili za ukutani zinaweza kufanana, lakini tiba hutofautiana, na ndiyo sababu ni lazima shimo lichimbwe na udongo uonekane kwa macho.

Naishia hapa kwa leo. Mwenye ufa anaotaka tuujadili aeleze upo wapi, unaelekea wapi, ni mpana upande gani, na ulianza lini.

*

Mchangiaji kutoka Goba: Asante kwa mada hii, kaka. Nyumba yangu ina nyufa nyembamba sana kwenye lipu, nyingi, zimesambaa kama utando wa buibui. Fundi wa rangi ananiambia nibandue lipu yote. Je, ni msingi?

Mleta mada: Dada yangu, kwa maelezo hayo sidhani kama ni msingi. Gonga lipu hiyo kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Ikiwa mlio ni mzito na haubadiliki, lipu imeshika tofali na hakuna haja ya kubandua chochote. Ikisikika tupu kama ngoma, sehemu hiyo imeachana na ukuta, na hiyo tu ndiyo ya kubandua.

Nyufa za utando wa buibui hutokana na lipu kusinyaa ilipokuwa ikikauka. Sababu zake nizijuazo ni lipu kupigwa juani bila kumwagiliwa, tofali kavu kunyonya maji ya lipu kabla saruji haijashika, mchanga wenye vumbi jingi, na, jambo linalowashangaza wengi, saruji kuwa nyingi kupita kiasi. Mwenye nyumba huona kwamba akiongeza saruji amejihakikishia uimara, kumbe kadiri saruji inavyozidi ndivyo lipu inavyosinyaa zaidi. Sehemu moja ya saruji kwa sehemu nne hadi sita za mchanga safi, unene usiozidi milimita 15 kwa mkono mmoja, na kumwagilia kwa siku saba, vingetosha kuziepuka nyingi.

Matofali yenyewe pia husinyaa. Tofali la saruji lililofyatuliwa juzi na kujengewa leo litaendelea kupungua ukubwa likiwa ukutani, na ukuta mrefu uliobanwa miisho yote miwili utakatika wima katikati. Tofali lapaswa kumwagiliwa kwa siku saba na kuachwa hadi litimize siku 28 ndipo lijengewe. Najua kwamba katika viwanda vya pembezoni mwa barabara hakuna anayesubiri hivyo, nami nashauri mnunuzi anunue matofali mapema na kuyapanga kwake mwenyewe, ayamwagilie, ayasubiri.

Nyufa zako zisubiri mwaka mmoja hivi lipu imalize kukauka, kisha fundi azijaze na kupaka rangi. Ila nakuomba uangalie jambo moja: je, kuna ufa uliosimama wima kabisa pale nguzo ya zege inapokutana na tofali, au uliolala sawasawa chini ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha?

Mchangiaji kutoka Goba: Wa kwenye nguzo upo, kaka, umenyooka kama umepigwa rula. Wa lenta sijauona.

Mleta mada: Huo nao hauhusiani na msingi. Zege na tofali hupanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na mahali vinapokutana bila kushikanishwa lazima lipu ichanike. Zege la urefu wa mita 10 likipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka milimita 2 hivi. Ni ndogo, lakini zinatosha kuchana lipu. Fundi abandue lipu ukanda mwembamba pande zote mbili za mstari huo, apigilie wavu wa kuku ulioingia sentimita 15 juu ya nguzo na sentimita 15 juu ya tofali, kisha apige lipu upya.

Niliuliza kuhusu lenta kwa sababu kwenye nyumba za paa la zege, ufa uliolala chini kidogo ya slabu, yaani paa hilo, ni wa kawaida mno katika jiji la Dar es Salaam. Slabu inapigwa na jua mchana kutwa, inatanuka na kuusukuma ukuta ulio chini yake, kisha usiku inarudi. Kuuziba ufa huo peke yake ni kazi ya kila mwaka. Kupaka slabu rangi nyeupe au kuijengea kivuli husaidia zaidi.

*

Mchangiaji, fundi mwashi: Ndugu mleta mada, mimi ni fundi wa miaka mingi na nimesoma uzi huu kwa masikitiko. Mnatulaumu mafundi, lakini mwenye nyumba ndiye anayekuja na nondo za milimita 10 mahali nilipomwambia za 12, ndiye anayesema msingi wa kozi tatu, yaani mistari mitatu ya matofali, unatosha, na ndiye anayetaka mfuko mmoja wa saruji utoe matofali 50. Ufa ukitokea, jina linalochafuka ni langu.

Mleta mada: Fundi, umesema kweli, nami sina utetezi. Msingi wangu ulishuka sentimita 60 kwa sababu niliona kushuka zaidi ni kupoteza fedha, na fundi wangu aliponiambia tuongeze kina nilimjibu kwamba jirani amejenga hivyohivyo na nyumba imesimama. Sikujua kwamba jirani yule alikuwa juu ya moramu, yaani udongo mgumu wa changarawe, na mimi juu ya mfinyanzi, ingawa viwanja vyetu vinapakana. Kosa la kuziba bila kuchunguza lilikuwa la fundi. Kosa la msingi lilikuwa langu.

Ninachowaomba mafundi ni jambo moja tu. Mkikuta mfinyanzi kwenye mtaro, simamisheni kazi na mmwite mwenye nyumba aje ashuke mtaroni auone na kuushika. Mtu akiushika udongo ule ulionata kama ulimbo, ni rahisi zaidi kukubali gharama kuliko akiambiwa kwa simu.

*

Mchangiaji kutoka Kitengela: Salamu kutoka Kenya, ndugu yangu. Nimenunua ploti huku Kitengela na nataka kuanza kujenga mwakani. Udongo ni ule mweusi. Kila mtu ananiambia lazima niutoe wote. Ni lazima kweli?

Mleta mada: Ndugu yangu, inategemea udongo huo umeshuka kina gani. Ikiwa udongo mweusi una unene wa mita moja au moja na nusu, na chini yake kuna mwamba au moramu, kuuondoa wote chini ya nyumba, pamoja na ukanda wa ziada kuzunguka kuta, na kujaza moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka ndiyo njia inayoeleweka na mafundi wengi wa huko. Usiurudishe udongo huo kwenye mitaro, wala usiutumie kujazia chini ya sakafu, kwani nimeona mtu aliyelipa malori kuuondoa kisha fundi akautumia kufukia kando ya msingi ili kuokoa safari moja ya lori.

Ikiwa unene wake ni mita tatu au nne, kuuondoa kunaweza kukugharimu zaidi kuliko nyumba yenyewe. Hapo wahandisi husanifu msingi wa jamvi moja la zege lenye nondo na mabimu (mihimili ya zege) chini ya nyumba nzima, ili nyumba ipande na kushuka ikiwa kitu kimoja, au hutoboa nguzo hadi kwenye tabaka tulivu na kuinua mabimu juu ya ardhi kwa kuacha uwazi wa udongo kuvimbia. Usichague kwa kusikiliza jukwaa. Chimba mashimo mawili au matatu ya majaribio kwenye pembe tofauti za ploti, mhandisi aliyesajiliwa apeleke sampuli maabara, kisha achague. Gharama ya vipimo hivyo ni ndogo mno ukilinganisha na ya kurekebisha msingi ambao nyumba imeshaukalia, nami hilo nimelilipia.

Ukitaka kupata picha ya awali wewe mwenyewe, jaza udongo uliosagwa robo ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, uiache chupa imetulia kwa siku moja. Mchanga hukaa chini katika dakika chache, tope laini hufuata, na mfinyanzi hubaki ukielea na kushuka mwisho kabisa. Tabaka la juu likiwa nene, una mfinyanzi mwingi. Jaribio hilo halikuambii kama mfinyanzi huo unavimba, linakuambia tu kwamba una sababu ya kwenda maabara.

*

Mchangiaji kutoka Bukoba: Mzee, ukuta wetu wa mbele, katikati ya madirisha mawili, una nyufa mbili zinazokatana kama herufi X. Zipo tangu tetemeko la 2016. Tuliziba na tunaishi humo.

Mleta mada: Ndugu yangu, alama hiyo ya X inasomeka bila utata. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliusukuma ukuta wenu kwenda upande mmoja ukachanika mshazari, kisha likaurudisha upande wa pili ukachanika mshazari mwingine. Kipande cha ukuta kilicho kati ya madirisha mawili ndicho chembamba zaidi, na ndicho kilichobeba msukumo wote.

Nyufa za aina hii haziendelei kukua zenyewe kama zile za mfinyanzi, na kwa hiyo familia nyingi huzizoea. Hofu yangu ni kwamba kipande hicho kimeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na saruji iliyopakwa juu ya ufa haikuirudisha. Ikiwa nyumba haina lenta inayozunguka kuta zote, mhandisi aangalie uwezekano wa kuongeza mkanda wa zege juu na nguzo za zege kwenye pembe, na kipande hicho cha katikati kijengwe upya. Mpaka hapo, msiweke vitanda vya watoto kando ya ukuta huo.

*

Mchangiaji kutoka Unguja: Assalaam alaykum. Sisi tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe. Tulipiga lipu ya saruji miaka michache iliyopita ili iwe imara, na sasa lipu inapasuka na kudondoka mabamba makubwa, na ukuta ndani una majimaji.

Mleta mada: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hufyonza unyevu na kuutoa. Chokaa ni laini, hucheza pamoja na ukuta na kuupisha mvuke utoke. Saruji ni ngumu na huziba. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na unaovuja kutoka kwenye paa hukwama nyuma ya lipu, chumvi hujikusanya hapo, huganda na kusukuma, na mwisho lipu hutoka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya jiwe. Ndani ya ukuta hali huwa mbaya zaidi, kwani udongo na chokaa vinavyoyashika mawe hulainika na nguvu ya ukuta hupungua bila wewe kuona. Sote tuliona Beit el-Ajaib, jumba la hapo Mji Mkongwe la mwaka 1883, lilivyoporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu.

Anza na paa na mabomba, maana hapo ndipo maji yanapoingilia. Kisha lipu ya saruji ibanduliwe kwa uangalifu, ukuta uachwe ukauke kwa miezi, na upigwe lipu ya chokaa na fundi anayeijua kazi hiyo. Nyumba za eneo la urithi zina taratibu zake za vibali, basi zifuatwe kabla ya kugusa ukuta.

Kwa wote wa pwani naongeza neno kuhusu nondo. Ukiona ufa ulionyooka chini ya bimu au kwenye pembe ya nguzo, ukifuata mahali nondo ilipo na ukiwa na doa la rangi ya kutu, nondo inaoza ndani. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa zaidi ya chuma kilichoizaa, na hupasua zege kutoka ndani. Mchanga wa ufukweni wenye chumvi na nondo iliyofunikwa na zege jembamba ndivyo vyanzo vikuu. Ufa huo usipakwe rangi hata siku moja. Zege lililolegea libomolewe, kutu isuguliwe, na mhandisi apime chuma kilichobaki.

*

Mchangiaji kutoka Goba: Kaka, kwa ujumla nitajuaje kwamba sasa hali ni ya kuhama?

Mleta mada: Dada yangu, upana ni kipimo kimoja, na mwendo wa ufa ni kipimo kikubwa zaidi. Taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza hupanga nyufa kwa upana: chini ya milimita 1 ni jambo la rangi, hadi milimita 5 ni la kufuatilia na kurekebisha, kati ya 5 na 15 milango huanza kukwama na mabomba kuweza kukatika, na juu ya 15 sehemu za ukuta huhitaji kubomolewa na kujengwa upya. Lakini ufa wa milimita 8 uliosimama kwa miaka kumi unanitisha kidogo kuliko wa milimita 3 ambao juzi ulikuwa 1.

Ondokeni siku hiyohiyo mkiona ufa mpya kwenye nguzo au bimu ya ghorofa, mkisikia milio ya kupasuka, mlango uliokuwa ukifunga vizuri asubuhi ukagoma jioni, au ukuta ukionekana umeinama ukipimwa kwa timazi, ile kamba yenye uzito. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, liliua watu zaidi ya 50. Kwenye ghorofa, ufa wa nguzo si wa kuufuatilia kwa penseli, ni wa kutoka nje na kumpigia mhandisi simu ukiwa barabarani.

*

Mleta mada: Wengi wameniuliza kwa ujumbe wa faragha nilifanya nini Kibaha na ufa uko wapi leo.

Mhandisi alinikataza kuziba chochote kwa mwaka mzima. Alipiga misumari miwili midogo ya chuma, mmoja kila upande wa ufa, tukawa tunapima umbali kati yake kwa kipimio cha chuma kila tarehe 1 ya mwezi na kuandika kwa penseli ukutani, tarehe na namba. Mtu asiye na kipimio anaweza kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jasi. Kioo kikikatika, ufa umetembea. Namba zangu zilipanda kuanzia Julai hadi Oktoba na kushuka kuanzia Novemba hadi Mei, tofauti ya milimita 4 kati ya juu na chini, na hapo hapakuwa na ubishi tena kwamba ni udongo.

Ndipo tukashughulika na maji. Niliweka mifereji ya bati na kuyapeleka maji ya mvua kwenye tangi na bondeni. Nilimwaga ukanda wa zege wa upana wa mita moja na robo kuzunguka nyumba yote, wenye mteremko kuelekea nje, ili ardhi ya kando ya msingi isilowe ghafla wala kukauka ghafla. Bomba la jikoni lililokuwa likivuja nililihamishia nje ya ukanda huo. Mwarobaini hatukuung'oa kwa mkupuo, kwa sababu kwenye mfinyanzi mti ukiondolewa ghafla unyevu hurudi na ardhi huinuka. Tuliupunguza matawi kwa misimu mitatu ndipo tukaukata. Kiwango cha kawaida alichonipa ni kwamba mti uwe mbali na nyumba angalau sawa na urefu utakaoufikia ukikomaa, na mikaratusi iwe mbali zaidi ya hapo.

Kiangazi kilichofuata tofauti ilishuka hadi milimita 1. Hapo ndipo ukuta uliposhonwa: maungio ya matofali yalichimbwa kila baada ya kozi mbili, nondo za milimita 6 zikalazwa zikivuka ufa kwa nusu mita kila upande, zikafunikwa kwa saruji, na lipu ikapigwa juu yake. Misumari miwili niliiacha mahali pake, na rangi mpya imeizunguka. Tarehe 1 ya mwezi huu nilipima tena, na namba haijabadilika tangu Machi.